Re: Mji Mkongwe Zanzibar na mtoto wa miaka minne, Desemba

Dada, mpeleke bila wasiwasi. Umeuliza kama atachoka: atachoka, lakini ni joto litakalomchosha kuliko historia. Desemba jua la kule ni kali, sisi wa Nairobi hatujalizoea. Tokeni asubuhi mapema, saa sita mrudi alale, kisha mtoke tena alasiri.

Kigari cha mtoto kiache nyumbani. Vichochoro ni vyembamba na pikipiki hupita humo humo. Leso ya kumbeba mgongoni itakufaa zaidi.

Anzeni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno. Ndani kuna uwanja wa nyasi, akimbie atakavyo. Halafu mpe kazi ya kutafuta milango yenye misumari mikubwa ya shaba. Wangu alisahau kabisa kulia njaa.

Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ndipo pa kufikiria vizuri. Vyumba vya chini ni vya giza na dari lake ni fupi, na nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Usiparuke, tafadhali, ni historia yetu pia. Ila mmoja wenu ashuke huku mwingine akibaki naye juu, mpokezane. Akiuliza kuhusu minyororo, mjibu kweli kwa maneno machache: watu walikamatwa wakauzwa, na ilikuwa dhuluma.

Jioni nendeni Forodhani, bustani ya ufukweni penye wauza vyakula, mnunulie urojo, yaani supu nzito ya Kizanzibari, usio na pilipili. Na hati yake ya kusafiria ianze kushughulikiwa sasa, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.