Barua kwa mwanangu: Emau ya Bagamoyo, Jumatatu ya Pasaka

Marahaba, mwanangu. Mama yako naye anakusalimu.

Umeuliza utawapelekaje vijana 40 wa usharika Bagamoyo Jumatatu ya Pasaka, wacheze, wale, washibe, na tafakari isiwe mahubiri ya pili juu ya yale ya Jumapili. Matembezi mengi huharibikia hapo hapo. Watu wametoka baharini, wana njaa na mchanga miguuni, ndipo mtu anasimama na Biblia. Nani atasikiliza? Wewe chukua Luka 24:13–35, wanafunzi wawili njiani kwenda Emau. Humo mna kutembea, mna mazungumzo, mna mkate. Hiyo ndiyo iwe ratiba yako, usitafute nyingine.

Anza na jozi. Andika namba kwenye vikaratasi, kila namba mara mbili, kofia moja ya wavulana na nyingine ya wasichana (wazazi watalala usingizi), kila mtu aokote. Wakibaki watatu, waende watatu. Marafiki watanung'unika kwamba wametenganishwa. Usilegee, maana waliozoeana watazungumza mpira tu. Jozi hizo zitakusaidia pia siku nzima: kabla gari halijaondoka, kila mmoja anamtafuta mwenzake, halafu wewe unahesabu vichwa. Na baharini ni hivyo hivyo.

Ondokeni Dar saa 11 alfajiri. Gari liwashushe Kaole, kusini mwa mji, mwanzo wa safari. Pale kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe. Ni makaburi ya Waislamu, kwa hiyo hakuna kupanda juu wala kuyakalia kwa ajili ya picha. Beba khanga mbili tatu za akiba kwa atakayekuja na kaptula fupi. Piga simu mapema uulize kiingilio cha kikundi, na uwe na barua ya usharika.

Kutoka hapo hadi misheni ya Wakatoliki, upande wa pili wa mji, ni kama kilomita sita au saba. Emau ilikuwa stadia 60 kutoka Yerusalemu, kama kilomita 11, kwa hiyo hawajaonewa. Pita barabarani, si ufukweni; upande wa Kaole kuna mikoko, na tope lake hula viatu. Tembeeni upande wa kulia mkiyatazama magari yanayokuja, mtu mzima mmoja mbele na mwingine nyuma, wote na fulana za rangi kali. Jozi na jozi ziachane hatua 20. Zikisogeleana zaidi, wa nyuma wanasikia ya wa mbele, na hakuna atakayesema la moyoni.

Swali la kwanza litoke mstari wa 21, pale wanaposema "tulikuwa tukitumaini". Ulitumaini nini mwaka huu ambacho hakijatokea? Mmoja anazungumza dakika kumi, unapiga filimbi, anazungumza mwingine. Anayesikiliza haruhusiwi kushauri. Lisisitize sana hilo, kwa sababu vijana wetu ni mabingwa wa ushauri: mtu hajamaliza kusema amefeli mtihani, ameshaambiwa aende chuo gani. Baada ya hapo tembeeni kilomita moja kimya kabisa. Watacheka mita mia za mwanzo, kisha watanyamaza.

Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1868, na ina mnara wa kanisa la zamani ulioupokea mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland, Februari 1874. Hapo waeleze habari za Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone. Bwana wao alikufa Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, nao pamoja na wenzao wakaubeba mwili miezi tisa kwa miguu hadi pwani. Kisha waulize wakiwa wawili wawili: wewe unatembea ukiwa umebeba nini kilichokufa? Usiongeze neno.

Ndipo mkate. Nunua mikate mizima mitano isiyokatwa vipande, mmoja kwa jozi nne. Wa vipande hauna cha kumega, kila mtu anachomoa chake na habari imekwisha. Mmoja anaushika, anashukuru, anaumega, anawapa wenzake. Usiuite Chakula cha Bwana, hiyo ni kazi ya mchungaji. Ni mkate na chai.

Sasa bahari. Pasaka hufuata mwezi mpevu, kwa hiyo Jumatatu yake huja kati ya siku mbili na nane baada yake. Zikiwa mbili au tatu, mko kwenye bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida: yatakuwa yamekupwa sana mnamo saa nne au tano asubuhi, mchanga ni mpana, mpira unachezeka; kuanzia saa nane yatakuwa yanawafuata kwenye vyombo vyenu. Ikikaribia wiki nzima, ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na saa zake zinageuka. Tazama jedwali la maji la Dar es Salaam, na bado ulizia kwa wavuvi. Kuogelea kuwe mwisho kiunoni, wawili wanaojua kuogelea wakae nje wakiwa wakavu, na filimbi kila robo saa: kila mtu amshike mwenzake mkono.

Pilau usilipike usiku Dar ukalisafirisha. Likifunikwa la moto kwenye sufuria kubwa, hadi saa saba mchana limeshachacha, na matumbo ya watu 40 si mchezo. Tafuta mama lishe Bagamoyo, mpe mchele kilo sita au saba na nyama kilo tano. Maji ya kunywa njiani ni lita moja na nusu kila mtu, yaani madumu matatu ya lita 20.

Coaster moja haitoshi watu 40, usikubali wasimame. Kubaliana na dereva kwa maandishi: mafuta ya nani, chakula chake, saa ya kurudi. Mlipe nusu, nyingine mkirudi Dar. Muondoke Bagamoyo saa kumi kamili, kabla foleni ya Bunju na Tegeta haijawa kali.

Michango ifungwe Jumapili ya Mitende, na orodha ya wasiolipa usiiweke kwenye grupu la WhatsApp. Panga nafasi nne za bure, wewe na mweka hazina tu mjue ni za nani.

Pasaka ni masika, mvua itanyesha. Omba ukumbi misheni tangu sasa, na alfajiri ikimwagika, anzieni misheni, Kaole mwende ikikatika.

Nipigie ukishaongea na dereva.

Baba yako