Barua kwa mwanangu: pikapu yako na kodi yake

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Barua yako imenifikia hapa Langoni, Lamu, na nimeisoma mara mbili. Unauliza mambo matatu. Kwanza, zile shilingi 1,200,000 ulizonunulia pikapu, unaweza kuzikata zote katika hesabu ya mwaka huu? Pili, mafuta yote ni gharama ya biashara, hata ya Jumapili unapowapeleka watoto Watamu? Tatu, ni kweli alivyokwambia jirani yako wa dukani, kwamba ukilipa "ile asilimia 3" risiti hazina kazi tena? Nakujibu kutoka mji ambao mizigo yake hubebwa na punda, lakini hesabu ya gari ni ile ile.

Naanza na la jirani, kwa kuwa ndilo linaloamua hayo mengine. Asilimia 3 anayoisema ni TOT, kodi ya mauzo. Inamhusu mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyopita milioni 25 kwa mwaka, na kiwango hicho cha 3% kilianza Julai 2023. Inatozwa juu ya mauzo yenyewe, kabla ya kutoa chochote. Ndani ya TOT hakuna mafuta, hakuna tairi, hakuna bima, hakuna uchakavu wa gari. Kwa hiyo jirani amesema nusu ya kweli: ukiwa ndani ya TOT, risiti za matumizi hazikupunguzii kodi. Ila ukimbebea mtu mzigo, risiti ya eTIMS, ule mfumo wa risiti za elektroniki wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, wewe unatakiwa kuitoa vile vile.

Asilolisema ni kwamba TOT haijui hasara. Chukua mauzo ya 2,400,000 kwa mwaka, uliyoniandikia kwamba unayatarajia. TOT yake ni 72,000, upate faida usipate. Kwenye kodi ya mapato ya kawaida unatozwa kwa faida peke yake: 10% kwa 288,000 za kwanza, 25% kwa 100,000 zinazofuata, kisha 30% kwa zinazobaki mpaka mbali sana kuliko utakakofika mwaka huu. Halafu unapunguziwa nafuu ya 28,800 kwa mwaka. Nimezipigia hesabu hizo mbili zikutane: kwa mauzo hayo, kodi ya kawaida inafika 72,000 pale faida yako inapokuwa kama 545,000. Faida ikiwa chini ya hapo, kodi ya kawaida ni nafuu. Ikiwa juu, TOT ndiyo nafuu, tena kwa mbali.

Sasa pima biashara yako. Ukiwa unabeba mizigo ya watu tu, saruji kwenda Gongoni na vinywaji kwenda mahoteli ya Watamu, faida yako huenda ikapita 545,000. Lakini uliniambia unataka kuingia Marafa ukanunue maembe mwenyewe uje kuyauza. Hapo mambo yanageuka. Maembe ya 1,500,000 ukiyauza kwa 1,800,000, TOT inatozwa juu ya 1,800,000 zote, yaani 54,000, ilhali ulichobaki nacho kabla ya mafuta ni 300,000. Mchuuzi mwenye faida nyembamba TOT humla mfupa. Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hutaki kuwa chini ya TOT, ukaingia kodi ya kawaida. Usiiandike barua hiyo kabla hujaona hesabu ya miezi mitatu ya kweli. Na mwaka ambao mauzo hayafiki milioni 1, TOT haikuhusu kabisa; uko kwenye kodi ya kawaida tu. Wengi wa pwani hudhani walio chini ya milioni hawana la kufanya. Wanalo.

Basi tuseme umeingia kodi ya kawaida. Hapo ndipo maswali yako mengine mawili yanapata maana.

La pikapu: hukati 1,200,000 kwa mara moja. Gari ni mali, na kwa uchakavu wake sheria inakupa 25% kwa mwaka kwa mafungu sawa, kwa hiyo 300,000 kila mwaka kwa miaka minne. Na hiyo 300,000 nayo inapunguzwa kwa kadiri unavyoitumia gari kwa mambo ya nyumbani. Angalia pia logbook, ile hati ya mwenye gari. Ikiwa bado iko kwa jina la ami yako aliyekusaidia kununua, gari si mali yako machoni pa KRA na uchakavu wake huwezi kuudai. Fanya uhamisho kwenye eCitizen wiki hii, usingoje. Kama kuna mkopo, riba ni gharama. Lile deni lenyewe unalolipa si gharama, maana gari tayari unalikata kwa njia ya hiyo 25%. Kukata vyote viwili ndilo kosa ninaloliona sana kwenye madaftari ya wafanyabiashara wapya.

La mafuta: sheria inataka gharama iwe imetumika yote, na kwa ajili ya kutafuta mapato tu. Jumapili ya Watamu haimo. Safari ya kutoka nyumbani kwenda kazini nayo huhesabiwa yako binafsi. Hakuna kiwango cha shilingi kwa kilomita ambacho KRA inampa mtu aliyejiajiri akatie gharama. Unatumia gharama halisi, kisha unazigawa. Kinachogawa ni daftari la safari. Nunua kaunta buku ya kawaida, iweke kwenye droo ya gari, na kila safari iwe na mstari wake: tarehe, kilomita za dashibodi unapoondoka, kilomita unaporudi, ulikokwenda, ulichobeba, namba ya risiti uliyotoa. Mtindo wa kuandika wiki nzima Ijumaa usiku kwa kukumbuka uache. Namba zinazoishia sifuri sifuri mkaguzi huzitambua kwa jicho moja.

Tuseme mwisho wa mwaka umekwenda kilomita 30,000, na daftari linaonyesha 24,000 za kazi. Hiyo ni 80%. Mafuta 540,000, matengenezo na tairi 140,000, bima 60,000, jumla 740,000. Unachokata ni 592,000. Uchakavu 300,000, unakata 240,000. Mshahara wa tanboi, msaidizi wako wa garini, 240,000 unakata wote, kwa sababu Jumapili humpeleki Watamu. Jumla 1,072,000. Ukikosa daftari, mkaguzi ana haki ya kukataa, nawe huna cha kumwonyesha isipokuwa maneno.

Sasa risiti. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na risiti ya eTIMS haikatwi, hata kama pesa ilitoka kweli. Kwenye kituo cha mafuta toa PIN yako, namba yako ya kodi, kabla ya kulipa, si baada. Ikishachapishwa bila PIN ni vigumu kuirudisha. Ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi kwamba ulilipa, si risiti ya kodi. Weka vyote viwili pamoja. Mshahara na riba ya benki havidai eTIMS, lakini mshahara uwe na karatasi ya sahihi. Risiti za mashine hufutika kwa joto la dashibodi, na joto la Malindi unalijua, kwa hivyo zipige picha siku hiyo hiyo. Kumbukumbu zote zikae miaka 5.

Fundi wa mtaani ndiye mtihani. Anakubadilishia brekipedi, filta na bushi kwa 9,000 na hana eTIMS. Usimlaumu, wala usimwache ikiwa kazi yake ni nzuri. Vipuri nunua mwenyewe kwenye duka linalotoa risiti, umlipe yeye ufundi tu. Na kwa huo ufundi, iko njia ndani ya eTIMS ya mnunuzi kumtengenezea risiti muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayafiki milioni 5, naye akaikubali kwenye simu yake. Pikapu inayobeba chumvi ya Gongoni au samaki wenye barafu huliwa chesisi upesi, kwa hiyo fundi huyo mtaonana sana. Mfundishe mara moja. Kuchomelea na kupaka rangi upya ni matengenezo. Ukijengea bodi mpya ya kufunga nyuma, hiyo ni mali, iingie kwenye 25%.

Faini za barabarani hazikatwi. Chakula chako cha njiani hakikatwi. Pesa unazojilipa wewe mwenyewe si mshahara, ni faida yako umeichukua.

Kuna na kodi ya kutangulia, ambayo wenye pikapu wengi huiandika kwenye gharama na kuipoteza. Magari ya mizigo hulipa 2,500 kwa kila tani ya uwezo wake au 5,000 kwa mwaka, iliyo kubwa. Yako ya tani moja ni 5,000. Hiyo ni kodi uliyokwisha kulipa, kwa hiyo unapojaza ritani, ile taarifa ya kodi ya mwaka, unaiondoa kwenye kodi, huikati kwenye mapato. Kuikata kwenye mapato kunakurudishia 1,500 tu mahali pa 5,000.

Bima iangalie kabla ya kodi. Kama cheti kinasema matumizi binafsi nawe unabeba saruji ya watu kwa malipo, ajali ikitokea kampuni ina sababu ya kukataa dai lako. Omba bima ya biashara ya kubeba mizigo kwa malipo, si ile ya mizigo yako mwenyewe.

Tarehe: TOT kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata mwezi ambao gari lililala gereji. Ritani ya mwaka mwisho 30 Juni. Ukiichelewesha ritani hiyo faini ni 2,000 au 5% ya kodi, iliyo kubwa. Na kodi ya kawaida ikipita 40,000 kwa mwaka, unailipa kwa mafungu manne, tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba.

Leo hii, kabla hujawasha gari, piga picha kilomita za dashibodi uniletee. Huo ndio mstari wa kwanza wa daftari.

Babako anakusalimu, na anauliza lini utatuletea maembe.

Mamako,
Lamu