Fikieni kwa jamaa, kisha mtoeni jamaa nje

Wiki hii mmeuliza: familia ikienda mjini kwa likizo, ifikie kwa jamaa au ipange nyumba ya wageni ili ipate nafasi ya kutembea? Sisi ni watu wa Wete, Pemba, na tukisema mjini tunakusudia Unguja. Jibu langu ni kwa jamaa, lakini si kwa sababu ile inayotajwa kila siku, kwamba hoteli ni ghali na udugu ni kutembeleana. Nyumba za wageni za bei ya wastani zipo, na udugu mwingine hudumu zaidi mkilala mbalimbali. Mimi nasema fikieni kwa jamaa kwa sababu bila wao mji hamtauona, na bila nyinyi wao hawatauona pia.

Najua wanaotaka nyumba ya wageni wanakimbia nini. Ziara ya kusalimia tunaijua sote. Mnapiga hodi, mnakalishwa, soda zinaletwa, kisha biskuti, kisha mnaambiwa msiondoke maana wali umeshapandishwa. Watoto wanatazama katuni zile zile wanazozitazama Wete. Mkitoka hapo mnakwenda nyumba ya pili, soda, biskuti, wali. Na ole wako umruke mmoja: habari itafika Pemba kabla ya boti yako. Likizo inakwisha, watoto wanarudi skuli, mwalimu akiwauliza wameona nini Unguja, wanamtajia makochi ya watu.

Ni kweli, basi, kwamba kusalimia kunaweza kuila likizo nzima. Ila dawa yake si kuwakimbia jamaa.

Sisi huenda Disemba, karafuu zikishauzwa na mkono una kitu. Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia: gari ya alfajiri hadi Mkoani, boti, na ndimu za kunusa kwa wenye matumbo mepesi. Katika mkondo wa Nungwi, boti inapoanza kurushwa, watu wazima huacha mazungumzo wakaleta dua. Ajali ya meli ya Spice Islander ya Septemba 2011 iliingia karibu kila mtaa wa Pemba, na watoto wetu waliozaliwa baada yake wameijua kwa kutazama nyuso zetu tu mahali pale. Mkondo ukipita, mazungumzo yanarudi. Malindi, bandarini Unguja, tunateremka na pakacha la shokishoki, ndizi, na halua ya Wete, maana hakuna Mpemba anayekwenda kwa wifi yake mikono mitupu, na wifi yangu wa Magomeni ya Unguja angeniuliza halua kabla hajaniuliza hali.

Hapo kwa wifi ndipo nilipolijua hili ninalowaambia. Jioni ya kwanza nikamuuliza mwanawe, kijana wa kidato cha tatu, kesho atupeleke Ngome Kongwe. Akacheka. Ngome Kongwe anaijua, anaipita kila akienda Forodhani kula, ila ndani hajaingia. Hamamni, yale mabafu ya zamani? Amesikia. Kanisa la Mkunazini? "Kule kwa wazungu, mke wa mjomba." Mtoto amezaliwa Unguja, amesoma Unguja, na Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini yeye anaujua kwa viatu vya Darajani na urojo wa usiku. Wala si yeye peke yake. Mama yake naye mara ya mwisho kuingia Ngome Kongwe alikuwa mwanafunzi. Watu wa mjini wamekubaliana, bila ya kuambizana, kwamba zile sehemu ni za watalii.

Tangu siku hiyo tuna sharti moja: anayetaka tumsalimie, avae viatu. Tunapiga hodi, tunakunywa chai yake, tunasikia habari za maradhi na arusi, kisha tunatoka naye. Mwanzoni walilalamika. Siku hizi wanatupigia simu kabla hatujapanda boti kuuliza zamu yao itakuwa lini. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee. Mimi nilikuwa nadhani wanasema kuhusu nyama ya kuku.

Uzuri ni kwamba jamaa wametawanyika mji mzima, na kila mmoja ana upande wake. Ami yao watoto, yaani shemeji yangu, anakaa Michenzani, ghorofa ya juu. Yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, wageni wa nje huyapita haraka kwa kuwa hayana milango ya nakshi. Watoto wangu walisimama kwenye veranda yake wasitake kushuka. Walikuwa hawajawahi kuitazama barabara kutoka juu: majumba yamepangana msalaba, mzunguko uko katikati, gari zinazunguka, paa za mitaa ya Ng'ambo zimeenea hadi jicho linapochoka. Ami yao akawa anawaonyesha kwa kidole. Kule Kikwajuni, kule Miembeni, kule Uwanja wa Amani, uliofunguliwa 1970 na kufanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika 2023. Hakuna nyumba ya wageni itakayokupa veranda ile. Na anayekaa pale hukwambia mambo ambayo mwongozaji wa watalii hayajui, kwa mfano namna ya kupandisha gunia la mkaa kwa kamba.

Alasiri yake yeye mwenyewe akatupeleka pwani, mbele ya Beit el-Ajaib. Jumba alilijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Watoto wanalijua kwa picha, na picha nyingi ni za zamani, zina mnara wa saa. Mnara huo uliporomoka pamoja na sehemu ya mbele ya jumba tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakafa. Ami yao alianza kuwaeleza kilichokuwamo ndani enzi za makumbusho: mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, kimesimama katikati ya ukumbi. Alieleza kwa mikono, mbao hivi, kamba hivi, mpaka vijana wawili waliokaa karibu wakasogea kusikiliza. Mwanangu wa pili, ambaye babu yake ni fundi wa ngalawa, akabisha kwamba kamba itaoza. Wakabishana mpaka adhana.

Lakini siku ambayo watoto bado wanaizungumza ni ya khaloo yangu, dada wa mama. Anakaa Mkunazini, mtu mzima, magoti hayampi. Amelipita lile kanisa la Waanglikana maisha yake yote akienda sokoni na kurudi, na hajaingia uani. "Kanisani mimi nikafanye nini?" Nikamwambia hatuendi kusali, khaloo, tunakwenda kutazama lile shimo lenye masanamu, liko nje. Akajifunga buibui, tukaenda naye polepole, baraza moja hadi nyingine, kila baraza akiwa na mtu wa kumsalimu.

Palikuwa na soko la watumwa pale. Lilifungwa mwaka 1873, na kanisa likajengwa juu ya kiwanja chake. Uani kuna ukumbusho: shimo la mraba, ndani yake watu watano wa mawe, nusu wamezama ardhini, shingoni wana minyororo ya chuma. Unawatazama kwa kuinama, nao wanatazama mbele. Khaloo aliegemea ukingo kwa mkono mmoja, mwingine kaushika mkono wa binti yangu.

"Hawa walikuwa wanapelekwa wapi?" binti akauliza.

"Mbali. Uarabuni," khaloo akasema. "Na wengine huko huko kwenu."

Binti akanigeukia kama vile mimi ndiye niliyemficha. Ikabidi nieleze. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja; Pemba haikuumia namna ile, na baada ya hapo karafuu nyingi zikawa zinatoka kwetu. Mikono ya kuzichuma ilikuwa ya watu kama hawa. Soko lilifungwa mwaka wa pili yake, lakini utumwa wenyewe uliendelea mashambani, na sheria ya kuufuta haikutoka mpaka 1897. Kwa hiyo kuna miti kwetu ambayo mbegu yake ilitiwa udongoni na mtu aliyeuzwa.

Mwanangu mkubwa amekuwa akikwea mikarafuu tangu alipoweza kushika kamba. Mchumaji kwetu hulipwa kwa pishi, kipimo cha vibaba vinne, na yeye hesabu hiyo anaijua kuliko ya darasani. Akamuuliza khaloo: "Walikuwa wakilipwa ngapi kwa pishi?"

"Hata kibaba," khaloo akasema. Kisha akamwambia asiegemee ukingo, ataanguka.

Nisingeweza kulipanga hilo. Ningekodi mwongozaji angetupa tarehe, na tarehe ni nzuri, nimezitaja hapo juu. Lakini lile neno la "huko huko kwenu" linataka mtu wa nyumbani, mwenye haki ya kukukera. Na khaloo naye, ambaye kwa umri wake wote hakuwahi kuvuka lile geti, alipofika nyumbani alimpigia simu mwanawe Dar es Salaam kumhadithia alichokiona mtaani kwake mwenyewe.

Forodhani sina mengi, wote mnakujua. Nendeni Magharibi ikishapita, vijana wanapojirusha baharini kutoka ukutani na moshi wa mishkaki umeanza. Ila nendeni na mwenyeji. Wifi yangu alimwacha muuzaji amalize kutaja bei ya pweza, akamwambia taratibu, "Mwanangu, sisi tumetoka Magomeni kwa miguu," na bei ikateremka hapo hapo. Kwa miguu wapi, tulikuja na bajaji! Tulikunywa juisi ya miwa, watoto wakataka ile pizza ya kukaangwa, na urojo tukaenda kuula Magomeni kwa jirani yake wifi, kwa sababu ndio bora na anayebisha na aje tule wote.

Sasa upande wa mwenye nyumba, maana wengi wanaojibu swali hili wanajibu kama wageni. Familia ya watu sita ikiingia kwenye nyumba ya watu saba, gesi inakwisha mapema, maji yanakwisha, na mwenyeji anaona haya kusema. Usimngojee aseme. Mimi pakacha la zawadi silihesabu, hilo ni la salamu. Siku ya pili asubuhi natoka na wifi kwenda sokoni, na kapu linajazwa kwa pesa yangu: mchele, samaki, mafuta, sukari. Hanikatalii, kwa sababu tuko mbele ya muuza samaki na hapana nafasi ya kuvutana. Jikoni naingia bila kuitwa. Watoto wangu wakubwa ndoo wanajaza wao. Na tunagawanyika: wawili wanalala kwa ami yao, wengine kwa shangazi yao, mtu asibanwe peke yake.

Na zipo hali ambazo hata mimi napanga chumba. Nyumba ina mgonjwa. Kijana wao ana mtihani wa taifa. Wana arusi na ukumbi umejaa masufuria. Au ni bwana na bibi wapya wenye chumba kimoja. Hapo kulazimisha kulala kwao si mapenzi. Panga chumba, nenda ukawasalimie, uwatoe nje vile vile. Jamaa wengine watanuna. Peleka halua.

Hoja moja tu ya wenzangu wa nyumba ya wageni imenishinda: kwa jamaa hakuna kulala mchana. Kweli hakuna. Ukitaka kulala, baki Wete.

Sasa wenzetu wa Unguja wameshika adabu yetu wakaigeuza. Likizo ijayo wanakuja wao, na wifi ameshatangaza kwamba sharti la viatu linavuka bahari. Wanataka kuona magofu ya Pujini, kwa Mkama Ndume, mtawala wa zamani, na msitu wa Ngezi. Ngezi naijua. Pujini sijakanyaga, na iko karibu na Chake Chake, mahali ninapokwenda kila mwezi kununua vitambaa. Nimemuuliza jirani yangu gari ya Pujini inapandiwa wapi. Naye hajui, lakini amesema siku hiyo anakuja na sisi, na watoto wake wanne.