Maktaba ya Kijiji: Makabati ya Kusukuma, Ukungu na Kelele za Bati

Tuko Mufindi. Tuna chumba kimoja cha mita 6 kwa 10. Kamati inataka maktaba, lakini vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, navyo havina pa kukutania. Tujenge ukuta katikati?

Msijenge. Ukuta wa tofali ukishasimama hauhami, na chumba hicho mkikigawa mtabaki na vyumba viwili visivyotosha hata darasa moja. Fungeni makabati marefu ukutani kwa skrubu, na katikati wekeni mafupi yenye magurudumu. Siku ya kikao yanasukumwa pembeni, kazi inaendelea.

Kabati la kusukuma liwe na urefu wa sm 90, upana sm 60, kimo kisichozidi sm 120, na rafu 3 kila upande. Litabeba vitabu kama 180, yaani kilo 150 hivi, mbali na mbao zenyewe zinazofika kilo 40. Magurudumu ni manne, ila sakafu ikiwa na bonde kidogo tu, mzigo wote hulalia matatu. Kwa hiyo kila moja liwe la kubeba kilo 80 au zaidi, la mpira, kipenyo mm 100, na mawili yawe na breki. Yale madogo ya mm 50 hunasa kwenye nyufa za sakafu. Mtu akizidi kusukuma, kabati linapinduka, na mara nyingi anayesimama upande wa pili ni mtoto. Vitabu vizito vikae chini.

Paini ya Sao Hill inafaa mradi imekauka na imetiwa dawa. Ubao wa inchi 1 usivuke sm 90 bila nguzo; ukivuka utapinda katikati kama machela.

Hapa Tukuyu vitabu vyetu vinaota ukungu kila masika. Tuvianike juani?

Hapana, jua kali hukunja kurasa na kufifisha wino. Kitieni kitabu kwenye mfuko, kipelekeni nje, kisha kitoeni mfukoni kikaushwe kivulini penye upepo. Kikishakauka kabisa, vaeni barakoa mkiondoe ukungu kwa brashi laini. Mkifuta kikiwa kibichi mnaupaka ukungu ndani ya karatasi.

Lakini dawa hasa iko kwenye jengo. Tukuyu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu ndani ukikaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu unaota. Achieni sm 10 kati ya kabati na ukuta, hata mkilifunga kwa skrubu, na sm 15 kutoka sakafuni, na msishindilie vitabu. Fungueni madirisha mchana hewa ikiwa kavu, mfunge kabla ukungu wa angani haujashuka jioni. Kama bado mnajenga, tandazeni nailoni nzito chini ya zege la sakafu na kati ya msingi na ukuta, na paa lizidi ukuta kwa sm 90. Fundi akiruka nailoni ili kuokoa pesa, maji ya ardhini yatapanda ukutani miaka yote.

Mvua ikinyesha Njombe hatusikilizani kwa kelele za bati.

Pigeni dari ya plaiwudi, si jipsamu, maana jipsamu ikilowa hulegea. Matundu ya hewa chini ya paa yazibwe kwa wavu wa chuma, popo wasiingie.

Makete hatuna umeme wa gridi. Sola ya kiasi gani inatosha taa 4 na kompyuta mpakato 4?

Taa 4 za wati 9 kwa saa 3 ni wati-saa 108. Kompyuta 4 za wati 40 kwa saa 4 ni 640. Kisanduku cha Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani, chenye Wikipedia ya Kiswahili isiyohitaji intaneti, wati 5 kwa saa 8, ni 40. Jumla 788, ongezeni robo ya upotevu, mnakaribia wati-saa 1,000 kwa siku. Betri moja ya lithiamu ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 inamaliza siku hiyo moja tu, na Makete kuna siku za mawingu mfululizo. Nunueni mbili, na paneli za wati 400. Zielekezeni kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, ili mvua izioshe.