Waandishi wa riwaya za vijana: waulize walikuwa wapi wakiwa na miaka 15

Dada uliyeuliza, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu. Unasema umekabidhiwa klabu ya kusoma ya wanafunzi wa sekondari na unataka kuwasimulia maisha ya waandishi wanaowaandikia vijana, lakini kila ukianza na "alizaliwa mwaka fulani, akasoma chuo fulani" wanapiga miayo. Mwishoni ukauliza kama mtu mzima wa miaka hamsini anaweza kweli kumwandikia mtoto wa miaka kumi na tano. Nimetunza maktaba ya shule kwa miaka 11, na kosa hilo la tarehe nililifanya miaka minne ya mwanzo. Ngoja nikueleze kilichonitoa huko.

Kila mwezi nilikuwa nabandika ukutani wasifu wa mwandishi mmoja. Picha, tarehe ya kuzaliwa, vitabu, tuzo. Siku moja mvulana wa miaka 14 alisimama pale, akasoma mpaka chini huku kidole kikifuata mistari, kisha akageuka akaniuliza, "Mwalimu, kwani huyu hakuwahi kuwa kama sisi?" Hakuwa anatania. Nilipoutazama tena ule wasifu niliona anachosema: mtu kazaliwa, mstari wa pili ana shahada, wa tatu ana tuzo. Ile miaka ambayo mvulana yule alikuwa ndani yake, mimi nilikuwa nimeiruka yote.

Nikaachana na ukuta. Nikaanza kuandika kadi ndogo za kubandika ndani ya jalada, na kila kadi inajibu swali moja tu: mwandishi huyu alipokuwa na umri wako, alikuwa wapi na nini kilikuwa kinamsumbua?

Kadi ya kwanza niliandika ya S. E. Hinton, kwa kuwa yeye aliandika akiwa bado kijana. Ni msichana wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, Marekani, aliyeanza kuandika The Outsiders akiwa na miaka 15, kitabu kikatoka 1967 akiwa na miaka 18. Umri huo huwashangaza wanafunzi, ila si huo unaowanyamazisha. Wananyamaza wakisikia kwamba wakati anaandika, baba yake alikuwa anaumwa uvimbe wa ubongo na akafariki binti akiwa bado shuleni. Na wananyamaza zaidi wakisikia kwamba katika somo la uandishi wa kubuni, mwaka uleule, alipata D. Wachapishaji nao wakashauri atumie herufi za kwanza za jina lake, wakihofia kwamba wahakiki wanaume wangekidharau kitabu cha wavulana wa mtaani kilichoandikwa na msichana.

Kuna sehemu ya pili ya habari zake ambayo huwa naihifadhi kwa wale wanaoandika wenyewe. Baada ya sifa zote hizo, alishindwa kuandika kwa miaka kadhaa. Mchumba wake, ambaye baadaye alikuja kuwa mumewe, akaweka sharti: kurasa mbili kwa siku, la sivyo hawatoki matembezini. Kitabu cha pili kikatoka 1971, kurasa mbili mbili.

Lakini kadi iliyobadilisha maktaba yangu ni ya Walter Dean Myers, na hapa niruhusu nirefushe. Alizaliwa 1937 huko West Virginia, akafiwa na mama akiwa mdogo sana, akalelewa Harlem, mtaa wa jiji la New York, na mke na mume wasio wazazi wake wa kumzaa, Florence na Herbert Dean. Jina la kati la Dean alilichukua mwenyewe baadaye, kuwaenzi. Alikuwa na shida ya kutamka maneno. Wenzake walimcheka, akawapiga, akawa mtoto wa kuadhibiwa. Mwalimu mmoja akamwambia: kama kusoma kwa sauti kunakushinda, andika cha kwako, usome hicho. Myers akaandika mashairi huku akikwepa kila neno lenye sauti inayomkwama mdomoni. Baadaye shule ikamshinda, akaiacha, na siku aliyotimiza miaka 17 akajiunga na jeshi. Miaka mingi mbele, akiwa kibarua wa ujenzi, akakumbuka kwamba mwalimu wake mwingine alimsihi asiache kuandika hata maisha yakimwendea vipi. Akaanza kuandika usiku. Alipofariki 2014 alikuwa ameacha vitabu zaidi ya 100, na Monster, kuhusu kijana wa miaka 16 aliye kizimbani kwa kesi ya mauaji, ndicho kilichopata Printz, tuzo ya Marekani ya vitabu vya vijana, mara ya kwanza ilipotolewa, mwaka 2000.

Kuna jambo moja ambalo mimi mwenyewe siwezi kulisoma bila kuguswa. Mzee Herbert hakuwahi kusema neno lolote kuhusu vitabu vya mwanawe, na jambo hilo lilimuumiza Myers kwa miaka. Ni baada ya mzee kufariki ndipo alipojua kwamba baba yake hakujua kusoma.

Kadi hiyo niliibandika Jumatatu. Alhamisi akaja mvulana ambaye hata jina lake nilikuwa sijalishika, maana alikuwa haongei. Akafungua daftari ukurasa wa nyuma kabisa. Palikuwa na maneno kama thelathini, kwa penseli, mengine yamefutwa yakaandikwa tena. "Haya ndiyo ninayoyakwepa mwalimu akinisimamisha kusoma," akaniambia, na ilimchukua muda kulimaliza hilo. Sikujua la kusema. Nikamuuliza kama anataka kuazima kitabu, akasema ameshakimaliza, anataka kingine cha mtu yuleyule.

Ukitaka wengine wa kuanzia nao, wapo wengi. Benjamin Zephaniah wa Birmingham, Uingereza, aliacha shule akiwa na miaka 13 na kusoma kulikuwa kunamshinda, na ni katika darasa la watu wazima ndipo alipoambiwa ana disleksia, yaani hali inayofanya kusoma na kuandika kuwe kugumu. Jason Reynolds hakuwahi kumaliza riwaya hata moja mpaka alipofika miaka 17. Kilichomwingiza kwenye maneno ni muziki wa rapu. Malorie Blackman alipotaka kuwa mwalimu wa Kiingereza aliambiwa na mshauri wa kazi shuleni kwamba watu weusi hawawi walimu. Akaenda kufanya kazi za kompyuta, akakataliwa na wachapishaji mara 82 kabla kitabu chake cha kwanza hakijakubaliwa. Nnedi Okorafor, binti wa wazazi Wanigeria aliyezaliwa Marekani, alikuwa mchezaji wa tenisi na mkimbiaji. Akiwa na miaka 19 alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, akaamka miguu haina nguvu. Alianza kuandika hadithi kitandani pale hospitalini.

Sasa sikiliza onyo, kwa sababu hapa ndipo nilipomkosea mtoto wa watu. Laurie Halse Anderson, mwandishi wa Speak ya 1999, alibakwa akiwa na miaka 13 na akakaa kimya zaidi ya miaka ishirini. Msichana wa kwenye riwaya yake naye ananyamaza, na shule nzima haijui kwa nini. Baada ya kuwasimulia hayo nilijiona nimefungua mlango mzuri, nikawaambia wanaklabu kila mmoja aandike jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Nilidhani ni zoezi. Msichana mmoja akaweka kalamu chini, akatoka, na hakurudi klabuni muhula mzima. Sikujua kilichokuwa moyoni mwake na haikuwa haki yangu kukichokonoa mbele ya watu ishirini. Anderson mwenyewe alichagua wakati wake: riwaya kwanza, na kitabu cha maisha yake kikaja 2019. Kwa hiyo simulia maisha ya mwandishi, kisha nyamaza. Atakayetaka kuja atakuja, na mlango wa maktaba uwe wazi saa ambazo wenzake hawapo. Na kabla hujasimulia maisha ya namna hiyo, hakikisha shuleni yupo mtu mzima aliyefunzwa kumsikiliza mtoto, na wewe umjue kwa jina.

Kosa jingine, dogo kuliko hilo, ni kudhani kila riwaya ni maisha ya mwandishi yaliyobadilishwa majina. Hinton aliandika kwa sauti ya mvulana naye alikuwa msichana. Wanafunzi wakiuliza "hii ilimtokea kweli?" huwa nawarudisha kwenye kitabu: kwako imetokea, ulipokuwa unasoma? Humo ndimo mazungumzo yenye nyama yanapoanzia.

Na swali lako la mtu wa miaka hamsini. Robert Cormier alikuwa mwandishi wa habari wa gazeti la mji mdogo Massachusetts, ana mke na watoto. Siku moja mwanawe akarudi nyumbani na chokoleti alizotakiwa kuuza kuichangia shule, akasema hataki kuuza. Baba akamuunga mkono, kijana akazirudisha, na hakuna baya lililompata. Ila Cormier hakuacha kujiuliza: je, lingempata? Swali hilo ndilo lililozaa The Chocolate War, 1974, naye ana miaka 49. Hakuhitaji kuwa kijana. Alihitaji kuamini kwamba mtoto anayesema "sitaki" anafanya jambo zito, tena lenye hatari.

Katika riwaya yake nyingine, I Am the Cheese, ya 1977, kuna namba ya simu ya msichana mmoja. Cormier aliweka namba ya nyumbani kwake, ya kweli. Vijana waliipiga, miaka na miaka, na yeye alipokea na kuzungumza nao. Kadi ya Cormier ina habari hiyo peke yake, haina tarehe ya kuzaliwa wala tuzo, na ndiyo inayochakaa haraka kuliko zote. Nimeshaiandika upya mara tatu.