Maswali yenu: Kwenda na watoto kuchimba vito

Shule zinakaribia kufungwa, na barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: ile migodi ya Marekani iliyo wazi kwa kila mtu, ambako familia inalipa kiingilio, inachimba, na inaondoka na ilichokipata. Nimefurahi kuona kina baba na kina mama wengi wanafikiria safari ya namna hii. Nimechagua barua chache zinazobeba maswali ya wengi.

Tuna watoto watatu, wa miaka 6, 9 na 13. Kuna mahali mtu wa kawaida anaweza kuchimba almasi ya kweli, au ni matangazo tu? (Baba wa watatu, Dallas)

Mahali hapo papo, tena si mbali na ninyi. Panaitwa Crater of Diamonds State Park, karibu na mji mdogo wa Murfreesboro, Arkansas. Kutoka Dallas ni kama saa nne kwa gari. Ni shamba la ekari 37 hivi lililolimwa kwa trekta, na chini yake kuna volkano iliyozimika. Ililipuka miaka kama milioni 100 iliyopita ikapandisha almasi kutoka kina kirefu cha ardhi. Mwaka 1906 mkulima mwenye shamba hilo, John Huddleston, aliokota mawe mawili yaliyomshangaza, yakathibitishwa kuwa almasi. Kampuni zilikuja kujaribu bahati yao, hazikufika mbali. Mwaka 1972 eneo likawa hifadhi ya jimbo, na sheria yake tangu hapo ni nyepesi: ukiokota ni chako, hata liwe kubwa namna gani.

Makubwa yamepatikana. Mwaka 1924, kabla ya hifadhi, lilitoka jiwe la karati 40.23 (karati ni kipimo cha uzito wa vito, moja ni gramu 0.2), ambalo hadi leo ndiyo almasi kubwa kuliko zote zilizowahi kupatikana Marekani. Januari 2024 mgeni kutoka Paris aliokota la karati 7.46 kwenye tope baada ya mvua.

Lakini wakalisheni watoto chini mkiwa bado nyumbani, muwaeleze hesabu ilivyo. Kwa wageni wote wa siku nzima, almasi zinazopatikana kwa kawaida ni moja au mbili, na nyingi ni ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Familia nyingi huondoka bila almasi. Wakilijua hilo mapema watachimba kwa furaha, na huzuni ya jioni itapungua sana. Kiingilio cha mtu mzima ni kama dola 15, watoto hulipa pungufu, na wadogo sana huingia bure. Angalieni bei na nunueni tiketi mtandaoni kabla ya kuondoka, kwa sababu siku za msongamano tiketi huisha.

Dada, tulikwenda North Carolina tukanunua ndoo ya mchanga, tukaiosha kwenye mfereji wa maji. Binti yangu alipata zumaridi, rubi, amethisti na mawe mengine mengi. Mume wangu anasema tumeibiwa. Nani ana haki? (Mama wa Charlotte)

Mama, mawe aliyopata mtoto yanaweza kuwa ya kweli kabisa, ila hayakuzaliwa mahali pale. Sehemu nyingi zinazouza ndoo hununua mawe ghafi ya bei ya chini kutoka nchi kama Brazil, India na Madagaska, kisha huyachanganya na mchanga. Wengi hawafichi, kibandiko cha ndoo kinasema wazi kuwa imeongezewa mawe. Dalili yake ni hiyo uliyoiona mwenyewe: aina nyingi sana za vito ndani ya ndoo moja. Ardhi haifanyi hivyo.

Kwa mtoto wa miaka minne au mitano sioni ubaya, anaosha, anashangilia, anajifunza majina. Mtoto mkubwa kidogo, kwa maoni yangu, anastahili udongo wa mahali penyewe. Jiwe moja dogo lililokaa ardhini mamilioni ya miaka, akawa yeye wa kwanza kulishika, ni somo ambalo ndoo ya dukani haiwezi kumpa. Na katika jimbo lenu hilohilo udongo huo upo. Bonde la Cowee, karibu na mji wa Franklin, lina rubi na yakuti samawi za asili, zilizowahi kuvuta kampuni za uchimbaji zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kabla ya kulipa popote, piga simu uulize swali moja tu: huu mchanga ni wa hapa, au umeongezewa mawe? Anayeendesha mgodi kwa uaminifu atakujibu bila kuzunguka.

Tutaijuaje almasi tukiiona? Wanangu wanaokota kila kinachong'aa. (Msomaji, Houston)

Waacheni waokote, hata hivyo ndivyo jicho linavyofunzwa. Kisha wafundisheni mambo mawili. Kwanza, almasi ghafi haifanani na ya pete. Aghalabu ni kipande cha mviringo chenye uso laini kama uliopakwa mafuta, cheupe, cha kahawia au cha manjano, na tope halikishiki. Kwa hiyo kwenye shamba lililojaa matope, chenye usafi wa ajabu ndicho cha kuinama. Ndiyo maana wazoefu hupenda kwenda siku inayofuata mvua kubwa jua linapotoka. Hawachimbi, wanatembea polepole wakiangalia chini.

Pili, almasi ni nzito kwa ukubwa wake. Ujazo uleule wa maji ukiwa na gramu moja, almasi ina gramu 3.5, na kwatzi, yale mawe ya kung'aa yaliyojaa kila mahali, ina 2.65. Kuosha kwa chekeche kunategemea tofauti hiyo. Unaweka chekeche la matundu makubwa juu ya la matundu madogo, unatia udongo, unazamisha majini na kutikisa mpaka tope liishe. Mawe makubwa unayakagua na kuyatupa. Kisha unachukua lile chekeche la chini, unalishika kwa mikono miwili ndani ya maji na kulichezesha: juu, chini, robo mzunguko, juu, chini tena. Kokoto nyepesi husogea pembeni, nzito hukusanyika katikati na kuzama. Halafu unalipindua mezani kwa pigo moja, kama wali unavyopinduliwa kwenye sinia, na vilivyokuwa chini vinakuja juu. Tazama pale katikati tu. Mpe kazi hiyo mtoto wa miaka 9, ataiweza kuliko wewe, macho yake ni makali.

Msipokuwa na uhakika, wafanyakazi wa hifadhi hutambua mawe bure, na almasi hupimwa na kupewa cheti. Kila mtu pia anaruhusiwa kuondoka na ndoo moja ya galoni tano ya kokoto zilizochekechwa, akamalizie kutafuta nyumbani. Koleo, ndoo na chekeche mnaweza kuja navyo au kukodi. Kifaa chochote cha mota au betri hakiruhusiwi.

Mwezi wa saba na mtoto mchanga, inafaa? (Mama mpya, Memphis)

Mwezi wa saba, hapana. Shamba ni wazi, vivuli ni vichache, na joto hupita nyuzi 35. Nendeni Oktoba au Aprili, mfike asubuhi mlango unapofunguliwa. Kofia, maji mengi, viatu vya kutupa na nguo za kubadili kwa kila mtu.

Nikipata almasi, naweza kumpelekea mama Tanga nikienda likizo? (Kijana, Little Rock)

Nia yako ni njema, ila usiitie mfukoni na kupanda ndege. Almasi ambayo haijakatwa inafuata utaratibu wa kimataifa wa Kimberley, ulioanza 2003 ili kuzuia almasi zilizokuwa zikigharamia vita. Marekani na Tanzania zote zimo. Jiwe ghafi likivuka mpaka lazima liwe na cheti cha utaratibu huo na lifungwe kwenye kifurushi kisichofunguka bila kuonekana. Cheti cha hifadhi hakitoshi kwa kazi hiyo. Almasi iliyokatwa na kusuguliwa haimo kwenye masharti hayo, kwa hiyo mpe fundi wa vito aikate, itiwe kwenye pete, halafu ulizia forodha kabla ya safari.

Desemba tunakwenda Arusha. Tunaweza kuwapeleka watoto Mirerani wachimbe tanzanite? (Wazazi, Minneapolis)

Kuchimba, hapana, na ninawaomba msikubali mtu anayewaahidi njia ya mkato. Tanzania uchimbaji ni kwa leseni, leseni ndogo ni ya raia peke yao, na sheria ya mtoto inakataza watoto kufanya kazi migodini. Eneo la Mirerani limezungushiwa ukuta wa kilomita 24 hivi tangu 2018, na watu hupekuliwa langoni. Mashimo yake ni marefu, yana joto na hewa haba.

Watoto wajue hivyo. Wanaapolo, yaani wachimbaji wanaoshuka mle, wanatafuta ada za shule na unga wa nyumbani, na wengi hutoka mikono mitupu kwa miezi. Wapelekeni makumbusho ya tanzanite Arusha mjini, muwasimulie habari za Jumanne Ngoma, ambaye serikali ilimtambua 2018 kuwa ndiye mgunduzi wa jiwe hilo, na za Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo aliyeuza serikalini mwaka 2020 mawe mawili, moja likiwa na zaidi ya kilo tisa.

Sisi tuko Utica, jimbo la New York. Arkansas ni mbali mno. (Baba kutoka Bukavu)

Papa, ninyi mmelala mlangoni. Herkimer, nusu saa kwa gari, kuna migodi ya wazi ya kwatzi inayoitwa almasi za Herkimer. Si almasi, lakini iliyo nzuri inatoka ardhini ikiwa na ncha mbili na nyuso 18, utadhani imechongwa na fundi. Imo ndani ya mwamba wa miaka kama milioni 500, hivyo kazi ni ya nyundo, si chekeche. Tafuteni mawe yenye vishimo vyeusi, ndimo zinamokaa. Msimu ni Aprili hadi Oktoba, na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, avae miwani ya kukinga macho kabla nyundo ya kwanza haijapigwa.