Radhi Isiyo na "Lakini"

Kijana mmoja wa Pangani ameniandikia wiki hii akiuliza afanye nini ili apatane na mshirika wake wa biashara, ambaye yeye kijana alimwita mwizi mbele ya watu. Nimeusoma ujumbe wake mara tatu, kwa sababu kosa lake nililitenda mimi kabla yake, na nikakaa nalo miaka sita.

Nilikuwa nikifanya biashara ya dagaa na rafiki yangu wa tangu utotoni hapa Tanga. Yeye alinunua kwa ndoo alfajiri pale kwenye mnada wa samaki wa Deep Sea, wavuvi waliporudi na taa zao. Mimi nilisimamia kuchemsha, kuanika na kupeleka mzigo Muheza na Korogwe. Anayeijua kazi hii anafahamu kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, na mbalamwezi ikishika, taa hazivuti samaki na pwani yote hupoa. Siku hizo za mbalamwezi ndizo tulizokaa kufanya hesabu.

Katika hesabu moja zikapungua shilingi 180,000. Sikumwita pembeni. Nilimwambia palepale mnadani, mbele ya wachukuzi na kina mama wanaokaanga samaki, kwamba amekula fedha yangu. Hakunijibu. Alichomoa kalamu sikioni, akaiweka juu ya daftari, akaondoka.

Miezi miwili baadaye nikaikuta katika mfuko wa koti langu stakabadhi ya gari la mizigo la Korogwe, ambalo nilililipia mwenyewe nikasahau kuandika. Kiasi kilikuwa kilekile.

Ningekwenda siku ile ile, leo nisingekuwa na la kusimulia. Niliona haya, na haya ikageuka kiburi, hata nikimwona Barabara ya 12 naingia duka lolote lililo karibu. Nilipokwenda hatimaye nyumbani kwake nilianza vizuri, kisha nikasema "lakini": lakini nilikuwa na mgonjwa nyumbani, lakini nawe ungesema neno siku ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Umekuja kuniomba radhi, au umeniletea hesabu nyingine?"

Mdogo wangu, swali hilo lilinichoma kuliko tusi, na ndilo ninalokuachia. Ukienda kwa mwenzako, sababu zako ziache nyumbani. Taja kosa kwa jina lake, kwamba ulimwita mwizi naye si mwizi, kisha unyamaze. Usimdai akusamehe papo hapo, kwa maana aliyeumizwa ndiye mwenye haki ya kuchagua siku. Na kama ulimvunjia heshima mbele ya watu, usimwombe radhi chumbani; waliosikia uongo wako nao wana haki ya kusikia ukweli. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nasi tunaisoma methali hiyo shuleni kisha tunaisahau siku tunayoihitaji.

Mimi nilirudi mnadani alfajiri, nikasema mbele ya kina mama walewale kwamba mkosa nilikuwa mimi. Rafiki yangu alinipa mkono. Ushirika wetu haukurudi, na hilo linaniuma hadi leo, kwani sijapata mtu mwingine wa kumwachia fedha bila kuzihesabu.

Mwezi huu giza lilipoanza alinipigia simu saa kumi alfajiri kuniambia kwamba dagaa wamejaa na bei imeshuka. Nilikwenda, nikanunua ndoo nne kwa fedha yangu, naye akanisaidia kuzipakia.